Kuanza na MSP430 LaunchPad: mikrokontrola ya kazi za betri

Kama unataka kuwasha taa na kuzungusha mota mezani, karibu na soketi ya umeme, bodi yoyote itakufaa. Kazi inabadilika siku unapotaka kifaa kikae peke yake: kipimajoto ndani ya banda la kuku, kipimamvua juu ya paa, kengele ya geti isiyo na waya wa umeme. Arduino Uno, ambayo wengi wetu tulianzia hapo, hula takriban miliampea 45 hata kama programu yake haifanyi lolote. Betri za AA zenye mAh 2500 haziivushi siku ya tatu. Na anayekula si chipu kuu peke yake. Kuna chipu ya pili ya USB, kuna kidhibiti cha volti, kuna taa ndogo ya kijani ambayo haizimiki kamwe. Hata bodi za ESP32 zina kasoro hiyohiyo: chipu ikilala inaweza kushuka hadi mikroampea 10 hivi, lakini bodi nyingi za bei nafuu zina kidhibiti cha volti aina ya AMS1117, ambacho chenyewe hula karibu miliampea 5 usiku na mchana.

Kwa hiyo tunaanza na bodi ambayo imejengwa kwa namna inayokuruhusu kuitenga chipu na vyote vinavyoizunguka, ukaipima ikiwa peke yake: LaunchPad ya Texas Instruments (TI) yenye chipu ya MSP430G2553. LaunchPad ya kwanza ilitoka mwaka 2010 kwa dola 4.30, bei iliyofanana na jina la familia ya chipu. Si bodi mpya na haina WiFi. Kumbukumbu yake ni KB 16 za flashi na baiti 512 tu za RAM. Usicheke. Kazi ya kusoma joto kila baada ya dakika 10 haihitaji zaidi ya hapo, na udogo huo ndio unaokulazimisha kuelewa kila mstari unaouandika.

Hatua ya 1: Pata vifaa

Utakutana na matoleo mawili. La zamani linaitwa MSP-EXP430G2, lina tundu la mini-USB. Mrithi wake ni MSP-EXP430G2ET, lenye micro-USB na uwezo wa kupima matumizi ya umeme moja kwa moja kwenye kompyuta. Yote mawili yana soketi ya pini 20 ambayo chipu inachomekwa na kuchomolewa, na hilo ndilo jambo la kuangalia kabla hujalipa. Ziko LaunchPad nyingine nyingi zenye chipu ndogo bapa iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Nzuri, ila si za mwongozo huu.

Bodi yenyewe mara nyingi utaiagiza kwa mtandao. Vingine utavipata kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, iwe Luthuli Avenue kule Nairobi au Kariakoo, Dar es Salaam: multimita ya kawaida ya njano, bredibodi, nyaya za kuchomeka, rezista za kilo-ohmu 10 na 47, kapasita za nanofaradi 100, betri bapa ya CR2032 pamoja na kishikizio chake, na baadaye themista (rezista inayobadilika kwa joto) ya kilo-ohmu 10. Hakikisha waya wa USB ni wa data. Waya za kuchajia simu tu zimewahi kumfanya mtu aamini bodi nzima imekufa.

Hatua ya 2: Itazame bodi kabla ya kuichomeka

Iweke mezani, tundu la USB likiwa juu. Nusu ya juu, yenye chipu ndogondogo, ni kipakizi: kazi yake ni kupokea programu kutoka kwenye kompyuta na kuiingiza kwenye chipu. Nusu ya chini ni ya chipu yako. Kati ya nusu hizi mbili pamepita safu ya jampa, zile kofia nyeusi zilizovalishwa kwenye pini mbilimbili. Kwenye bodi ya zamani safu hiyo ina alama J3, na kila jampa ina jina: VCC, TXD, RXD, RST, TEST. Ukizing'oa zote, nusu ya juu na nusu ya chini hazina mawasiliano tena isipokuwa waya wa ardhi. Kumbuka safu hii, tutairudia kwenye kupima.

Chini kabisa kuna taa mbili na vitufe viwili. Kwenye bodi ya zamani taa nyekundu iko kwenye pini P1.0 na ya kijani kwenye P1.6. Kwenye G2ET nako P1.0 ina taa, kwa hiyo mifano yangu yote inatumia P1.0. Kitufe S1 kinaanzisha chipu upya, S2 ni chako, kiko kwenye P1.3.

Jambo moja linalowachanganya wageni: kwenye toleo la 1.5 la bodi ya zamani, kitufe S2 hakina rezista ya kukivuta juu, yaani ya kuishikilia pini kwenye volti ya juu kitufe kisipobonyezwa. Nafasi yake ipo kwenye bodi, lakini TI waliiacha wazi makusudi ili isivujishe umeme. Lazima uwashe rezista ya ndani ya chipu kwa programu, la sivyo kitufe kitajibonyeza chenyewe kila ukisogeza mkono.

Hatua ya 3: Sakinisha programu ya kuandikia

Njia ni mbili, na ushauri wangu ni upitie zote, kila moja kwa zamu yake.

Ya kwanza ni Energia, ambayo ni Arduino IDE iliyorekebishwa kwa ajili ya bodi za TI. Pakua, fungua, chagua bodi yenye jina la msp430g2553, chagua mlango wa USB, kisha pakia mfano wa Blink. Badala ya namba 13 uliyoizoea, taa inaitwa RED_LED, na pini zinaitwa P1_0, P1_3 na kadhalika. Taa ikianza kupepesa, umeshathibitisha mambo matatu kwa mkupuo: waya, draiva na chipu vyote ni vizima. Hiyo ndiyo kazi ya Energia hapa.

Ya pili ni Code Composer Studio ya TI wenyewe, bure, nzito kidogo, inayotaka subira wakati wa kusakinisha. Hapa ndipo tutakapofanya kazi ya kweli, kwa lugha ya C tupu, tukiandika kwenye rejista za chipu (vijisanduku vya kumbukumbu vinavyoiendesha) bila dalali katikati. Unda mradi mpya, chagua MSP430G2553, futa kila kitu ndani ya main.c na uanze na ukurasa mweupe. Anayetumia Linux na asiyependa madirisha makubwa anaweza kukompaili kwa GCC ya MSP430 na kupakia kwa mspdebug. Kwa bodi ya zamani draiva yake inaitwa rf2500, kwa G2ET inaitwa tilib.

Ukitaka kutuma maandishi kutoka kwenye chipu kuja kwenye kompyuta, bodi ya zamani haivuki kasi ya 9600. Tena jampa za TXD na RXD lazima uzigeuze zilale kwa upande, kama mchoro uliochapwa kwenye bodi yenyewe unavyoonyesha.

Hatua ya 4: Elewa ngazi za usingizi

Hapa tuende polepole, kwa sababu ndiko kunakotofautisha bodi hii na ulizozizoea.

Katika Arduino tumelelewa kwenye loop(): programu inazunguka bila kikomo, ikiuliza kila mara, kitufe kimebonyezwa? muda umefika? Chipu inakesha ili ijibiwe "bado". Kwenye MSP430 mambo yamepinduliwa. Hali ya kawaida ya chipu ni kulala. Inaamshwa na tukio, inafanya kazi yake upesi, inarudi kulala. Kuamka huko huchukua chini ya mikrosekunde 1, ndiyo maana inalipa kulala hata kwa vipande vidogo vya muda.

Takwimu za TI kwa chipu hii, kwa volti 2.2, ni hizi. Ikiwa macho kwa kasi ya megahezi 1, inakula mikroampea 230. Ikiingia LPM0 (LPM ni ngazi ya usingizi), yaani ubongo umezimwa lakini saa ya kasi inaendelea, inashuka hadi 56. Ikiingia LPM3, ambako kumebaki saa ya polepole tu ya kuhesabu muda, ni mikroampea 0.5. LPM4 huzima saa zote: 0.1, na yaliyomo kwenye RAM hayapotei. Kutoka LPM4 chipu haiwezi kujiamsha kwa muda, inangoja kitu cha nje kama kitufe.

Basi uchaguzi ni rahisi. Kifaa kinachofanya kazi kwa ratiba kilale LPM3. Kifaa kinachongoja kuguswa kilale LPM4. LPM0 ni ya mapumziko mafupi, kwa mfano ukisubiri data iishe kutumwa.

Hatua ya 5: Programu ya kwanza inayolala

Andika hii na uipakie:

```c
#include <msp430.h>

int main(void)
{
    WDTCTL = WDTPW | WDTHOLD;      // simamisha mlinzi

    P1OUT = BIT1 | BIT2 | BIT3;    // hizi tatu zivutwe juu
    P1REN = BIT1 | BIT2 | BIT3;    // washa rezista za ndani
    P1DIR = 0xF1;                  // nyingine zote ni za kutoa, ziko chini

    P2SEL = 0;                     // P2.6 na P2.7 ziwe pini za kawaida
    P2OUT = 0;
    P2DIR = 0xFF;

    P3OUT = 0;                     // hazionekani, lakini zipo
    P3DIR = 0xFF;

    BCSCTL3 = LFXT1S_2;            // saa ya polepole: VLO ya ndani
    TA0CCR0 = 12000 - 1;
    TA0CCTL0 = CCIE;
    TA0CTL = TASSEL_1 | MC_1 | TACLR;

    __bis_SR_register(LPM3_bits | GIE); // lala
    return 0;
}

#pragma vector = TIMER0_A0_VECTOR
__interrupt void muda_umefika(void)
{
    P1OUT |= BIT0;
    __delay_cycles(10000);
    P1OUT &= ~BIT0;
}
```

Taa itamulika kidogo, takriban mara moja kwa sekunde. Angalia kwamba main() haina mzunguko wowote. Chipu inalala kwenye mstari ule wa __bis_SR_register na haivuki hapo. Interapti ya taima, yaani ishara inayomkatiza usingizi muda ukifika, inaiamsha, mulimuli unatokea, na interapti ikiisha chipu inarudishwa usingizini yenyewe, kwa sababu hali ya usingizi ilihifadhiwa kabla ya kuamshwa.

Mstari wa kwanza usiuache. Chipu ikiwaka, ndani yake kuna taima ya ulinzi inayoianzisha upya ikidhani programu imekwama. Usipoisimamisha, chipu itajizima na kujiwasha bila kukoma, nawe utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Mistari ya pini ndiyo watu huiruka kwa sababu "taa inawaka hata bila hiyo". Taa itawaka kweli. Ila pini iliyoachwa kama ya kupokea, haijafungwa popote, huelea kati ya chini na juu, na kila inapoelea katikati huvujisha umeme ndani ya chipu. Ndiyo maana kila pini hapa imepewa kazi: ama inatoa sifuri, ama imevutwa juu kwa rezista ya ndani. P1.1 na P1.2 sikuzifanya za kutoa kwa kuwa upande wa pili wake kuna waya za mawasiliano za kipakizi, nazo hukaa juu. Pini yako ikivuta chini huku jirani anavuta juu, mkondo unapita bure. Na P3? Katika umbo la pini 20 huzioni, lakini ndani ya silikoni zipo, zinaelea kama nyingine. Ni mstari mmoja unaosahaulika mno.

Kuhusu "takriban" sekunde: VLO ni saa ya ndani isiyo na kristali, kawaida yake kilohezi 12, lakini TI wanaihakikishia kuwa kati ya 4 na 20 tu. Yaani sekunde yako inaweza kuwa 0.6 au ikafika 3, na joto la mchana nalo huisogeza. Kwa kumwagilia bustani haina neno. Kwa saa ya ukutani haifai. Ukihitaji muda wa uhakika, lehemu kristali ya hezi 32768 kwenye nafasi yake karibu na chipu, usiiguse P2SEL, usiziweke P2.6 na P2.7 kuwa za kutoa, weka LFXT1S_0 | XCAP_3 mahali pa LFXT1S_2, na TA0CCR0 iwe 32767. Gharama inapanda kutoka mikroampea 0.5 hadi 0.7. Bei ya kutupa.

Hatua ya 6: Amsha kwa kitufe

Hii ni fupi. Ondoa kila kitu kuanzia mstari wa BCSCTL3 hadi mwisho wa faili, kisha mahali pake weka:

```c
    P1IES |= BIT3;        // sikiliza kushuka kwa volti
    P1IFG &= ~BIT3;       // futa bendera ya zamani
    P1IE  |= BIT3;

    __bis_SR_register(LPM4_bits | GIE);
    return 0;
}

#pragma vector = PORT1_VECTOR
__interrupt void kitufe(void)
{
    P1OUT ^= BIT0;
    P1IFG &= ~BIT3;       // usiusahau mstari huu
}
```

Ukiusahau ule mstari wa mwisho, interapti inajirudia papo hapo bila kikomo na chipu hailali tena. Kwa macho huwezi kujua: taa itaonekana imewaka kwa mwanga hafifu tu, na betri itakwisha kimyakimya. Pia utaona mara nyingine mbonyezo mmoja unahesabika mara mbili. Vyuma vya kitufe hudunda vinapogusana. Dawa ni kusubiri milisekunde 20 hivi, kisha kusoma pini tena kabla ya kuamini.

Hatua ya 7: Pima, usikisie

Mtu anaweza kuandika LPM3 kwenye programu na bado bodi ikala miliampea. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea kwenye skrini. Ushahidi pekee ni mita.

Mwenye G2ET ana bahati: kipimo cha EnergyTrace kimo ndani ya Code Composer Studio, anabonyeza na kuona. Wa bodi ya zamani tuna multimita, na multimita ya bei ya chini ina tatizo: kiwango chake kidogo kabisa cha mkondo mara nyingi ni mikroampea 2000, na hatua yake ni mikroampea 1. Tunachotaka kupima ni nusu ya hapo. Lakini multimita hiyohiyo hupima volti ndogo vizuri sana, hadi sehemu ya kumi ya milivolti. Kwa hiyo tunaugeuza mkondo kuwa volti.

Kwanza futa mistari mitatu ya ndani ya interapti ya taima, ile inayowasha taa, ibaki tupu. Pakia. Sasa ng'oa jampa zote tano za J3. Kwenye pini mbili za VCC chomeka nyaya mbili ziende kwenye bredibodi, na kati yake weka rezista ya kilo-ohmu 10. Sambamba na rezista hiyo weka kipande cha waya cha kuziba njia, ili chipu ipate umeme wa kutosha wakati wa kuanza. Weka multimita kwenye milivolti 200, ncha zake kwenye miguu miwili ya rezista. Chomeka USB. Hesabu sekunde mbili tatu, kisha ng'oa kile kipande cha waya.

Umeme wote wa chipu sasa unapita kwenye rezista. Kila mikroampea 1 inaonekana kama milivolti 10. Ukisoma milivolti 6 au 7, una mikroampea 0.6 au 0.7, na chipu yako imelala fofofo. Mita ikionyesha 1 upande wa kushoto na nafasi nyingine tupu, mkondo umevuka mikroampea 20: kuna pini inayoelea, jampa uliyoisahau, au mlinzi hukumsimamisha.

Ukitaka kuona kwa macho nilichosema kuhusu pini zinazoelea, futa mistari yote ya P1, P2 na P3, pakia tena, rudia kipimo, halafu pitisha kiganja juu ya bodi bila kuigusa. Namba zitakuwa zinapanda na kushuka zikifuata mkono wako. Baada ya hapo hakuna atakayehitaji kukushawishi kuandika ile mistari.

Sasa hesabu ya betri. CR2032 ina takriban mAh 225. Chipu ikikesha kwa megahezi 1 na volti 3, inakula mikroampea 330 hivi: siku 28, basi. Ikilala LPM3 na kuamka kidogo tu kila sekunde, mikroampea 0.7 ni miaka zaidi ya 30 kwenye karatasi, ambayo maana yake ni kwamba betri itajifia kwa uzee kabla chipu haijaimaliza. Rudisha ile taa. Tuseme inakula miliampea 4 kwa milisekunde 10 katika kila sekunde: wastani ni mikroampea 40. Ongeza mikroampea 3 na ushee za chipu kukaa macho ikingoja taa izime, jumla karibu 44, na betri imeshuka hadi miezi 7. Taa moja ndogo, inayomulika kufumba na kufumbua, inakula mara 60 ya usingizi wa chipu nzima. Ukitaka kifaa kionyeshe kwamba ni kizima, mulika mara moja kwa dakika, milisekunde 2. Jicho litaona tu.

Hatua ya 8: Hamisha chipu kwenye bodi yako

Ndiyo maana tulisisitiza soketi. Chomoa USB. Ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya chipu upande mmoja, inua kidogo, hamia upande wa pili, inua kidogo, hadi itoke bila kupinda miguu. Kumbuka kibonyeo cha nusu duara kilivyoelekea.

Kwenye bredibodi mahitaji ni machache. Pini ya 1 ni chanya, pini ya 20 ni hasi. Kapasita ya nanofaradi 100 iwe kati ya hizo mbili, karibu na chipu kadiri unavyoweza. Pini ya 16 ni RST, ivute juu kwenda kwenye chanya kwa rezista ya kilo-ohmu 47, la sivyo chipu itajianzisha upya kwa kila kelele ya umeme inayopita. Pini ya 2 ndiyo P1.0, weka taa na rezista yake ukipenda. Betri ya CR2032 inaunganishwa moja kwa moja, bila kidhibiti chochote cha volti, kwa sababu chipu inakubali kuanzia volti 1.8 hadi 3.6. Betri mbili za AA mfululizo zinafaa vilevile. Tatu usijaribu, zikiwa mpya zinavuka 4.5 na chipu hairudi.

Onyo moja wakati wa kupakia programu: Code Composer Studio ina chaguo la kufuta kumbukumbu yote pamoja na sehemu iitwayo Info A. Humo TI wameandika namba za urekebishaji wa saa ya kasi ya chipu yako, na kila chipu ina zake. Ukizifuta hazipo popote pengine. Acha chaguo la kawaida kama lilivyo.

Hatua ya 9: Kihisi kisile kuliko chipu

Mara nyingi umeme unaookoa kwenye chipu unaupoteza kwenye kihisi. Chukua themista ya kilo-ohmu 10 iliyofungwa mfululizo na rezista ya kilo-ohmu 10. Ukiiunganisha moja kwa moja na volti 3, inapitisha mikroampea 150 saa zote, hata wakati hakuna anayeisoma. CR2032 itakwisha baada ya miezi miwili.

Dawa ni kuilisha kutoka kwenye pini ya chipu yenyewe. Unganisha upande wa juu wa rezista kwenye P1.4, makutano ya rezista na themista kwenye P1.5, upande wa chini wa themista kwenye hasi. Kwenye main() badilisha P1DIR iwe 0xD1 ili P1.5 iwe ya kupokea, kisha ongeza ADC10AE0 = BIT5, mstari unaoikabidhi P1.5 kwa kipimio cha analogi (ADC) na kuzima kipokezi chake cha kawaida, isije ikavuja. Halafu ndani ya interapti ya taima:

```c
    P1OUT |= BIT4;                            // mpe kihisi umeme
    ADC10CTL1 = INCH_5;
    ADC10CTL0 = SREF_0 | ADC10SHT_2 | ADC10ON;
    __delay_cycles(100); // mambo yatulie
    ADC10CTL0 |= ENC | ADC10SC;
    while (ADC10CTL1 & ADC10BUSY);
    soma = ADC10MEM;                          // 0 hadi 1023
    ADC10CTL0 &= ~ENC;
    ADC10CTL0 = 0;                            // zima ADC
    P1OUT &= ~BIT4;                           // mnyang'anye umeme
```

Juu ya faili, nje ya main(), tangaza volatile unsigned int soma. Kihisi kinakaa na umeme kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde, na wastani wake haufiki hata sehemu ya kumi ya mikroampea ukisoma kila sekunde. Kuna faida nyingine ya bure hapa: SREF_0 inamaanisha ADC inajilinganisha na volti ya betri, na kihisi nacho kinalishwa volti hiyohiyo. Betri ikishuka kutoka 3.0 hadi 2.6 baada ya mwaka, vyote viwili vinashuka pamoja na namba unayosoma haisogei.

Kanuni hiyohiyo ya kulisha kwa pini inafanya kazi kwa kihisi chochote kinachokula miliampea chache. Kwa vihisi vya I2C (mawasiliano ya nyaya mbili, moja ya saa na moja ya data) kwenye bodi ya zamani, ng'oa kwanza jampa ya taa ya kijani: P1.6 ndiyo waya wa saa wa I2C, na taa ikibaki hapo mawasiliano yatakataa. Na unapokizima kihisi cha I2C kwa pini, rezista zake mbili za kuvuta juu zilishwe kutoka kwenye pini hiyohiyo. Zikibaki kwenye betri, umeme utaingia kihisini kwa mlango wa nyuma kupitia nyaya za data.